Macho Yakizeeka, Ncha ya Bunduki Hufifia

Mtu akipita umri wa miaka 40, mkono wake huanza kuwa mfupi. Gazeti alilozoea kulisoma karibu na kifua hulisogeza mbele kidogo, kisha mbele zaidi, mpaka mkono unakwisha na herufi bado hazijatulia. Uzi hauingii katika tundu la sindano mpaka aitwe mtoto. Nyumbani jambo hili huchekwa, na kwa kweli halina madhara makubwa, kwa kuwa gazeti laweza kusomwa kesho na sindano yaweza kungoja. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake au mchezo wake ni kulenga shabaha, mabadiliko hayo hayo ya jicho yana uzito mwingine. Ncha ya bunduki aliyoiona kali kama mwiba alipokuwa kijana, sasa huiona kama moshi. Na risasi ikiisha kutoka hairudishwi kwa kuitwa.

Jambo hili limewashughulisha sana wapenzi wa bunduki za kale huko Marekani, watu ambao hulenga kwa vyuma vitupu bila ya darubini. Waliyojifunza yafaa yajulikane na kila mwenye kushika bunduki, na jamaa zake pia, maana jicho la mwindaji wa Indiana na jicho la sajini wa hapa kwetu huzeeka kwa njia moja.

GOBORI YA MTUTU MREFU

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi ya mviringo iliyovishwa kitambaa chenye mafuta, na vyote husukumwa chini kwa mdeki. Katika karne ya 19 bunduki za namna hiyo ziliingia bara la Afrika Mashariki kwa wingi kupitia Unguja na miji ya mwambao, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Nyingi katika hizo zilikuwa laini ndani ya mtutu, na mwenye nayo hakutazamia kupiga mbali.

Gobori ya Marekani ilikuwa ya namna nyingine. Katika karne ya 18, mafundi wenye asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania, hasa pande za Lancaster, walitengeneza bunduki yenye mtutu mwembamba na mrefu, mara nyingi zaidi ya mita 1, na ndani yake wakachonga mifuo ya kuzunguka. Mifuo hiyo huizungusha risasi inapotoka, nayo huenda sawa bila ya kuyumba. Hiyo ndiyo bunduki iliyokuja kupewa jina la Kentucky, ingawa wengi wa mafundi wake walikuwa Pennsylvania.

Bunduki hizo hazikufa zilipokuja za kisasa. Mwaka 1933 wapenzi wake walianzisha chama chao cha taifa, na viwanja vyao vya shabaha viko katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Aidha, majimbo mengi ya nchi hiyo yametenga misimu ya kuwinda kulungu kwa bunduki za kushindilia peke yake, na baadhi yao, kama vile Colorado, hayaruhusu darubini juu ya bunduki katika msimu huo. Hapo mwindaji hana msaada mwingine ila macho yake na vipande viwili vya chuma. Wamo miongoni mwao wengi waliokwisha pita miaka 50, na wengine 70, ambao hawako tayari kuitundika bunduki ukutani.

VITU VITATU, JICHO MOJA

Vyuma vya kulengea ni viwili. Cha nyuma kina pengo, na cha mbele, kwenye mwisho wa mtutu, ni ncha iliyosimama. Mpigaji huiweka ncha katikati ya pengo, kisha huipeleka ncha hiyo kwenye shabaha. Kwa hiyo kuna vitu vitatu vya kutazamwa kwa wakati mmoja: pengo lililo kiasi cha sentimita 50 kutoka jichoni, ncha iliyo mita 1 na robo, na shabaha iliyo mita 50 au zaidi.

Jicho la binadamu haliwezi kuona vitu hivyo vitatu wazi kwa mara moja. Hata kijana haoni hivyo. Kijana hudhani anaviona vyote kwa sababu jicho lake hubadilika haraka mno: hutazama pengo, huruka kwenye ncha, huruka kwenye shabaha, na kurudi, kabla hajapata kuhesabu mbili. Kazi hiyo hufanywa na lenzi, yaani kioo laini kilicho nyuma ya mboni, ambacho hunenepa ili kuona karibu na kunyooka ili kuona mbali.

Kadiri miaka inavyopita, lenzi hiyo hukakamaa. Daktari Donders wa Uholanzi alieleza mambo haya kwa vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1864, na vipimo vyake havijapitwa mbali. Mtoto wa miaka 10 aweza kuona wazi kitu kilicho sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Mtu wa miaka 40 huhitaji kiasi cha sentimita 22, wa miaka 50 kiasi cha sentimita 40, na wa miaka 60 huhitaji karibu mita 1 nzima. Hesabu hii yaonyesha mara moja kinachompata mpigaji mzee: pengo la nyuma, lililo sentimita 50, limekwisha kutoka katika uwezo wa jicho lake, na ncha ya mbele iko mpakani.

Nini hutokea basi? Kingo za pengo huwa na ukungu, ncha huonekana nene au kama ziko mbili, na mpigaji hukisia katikati. Makisio hayo ni ghali. Ikiwa kati ya pengo na ncha pana sentimita 75, kosa la milimita 1 tu hapo hupeleka risasi kando kwa kiasi cha sentimita 6 na nusu katika umbali wa mita 50. Katika mita 100 kosa hilo ni sentimita 13. Kwenye karatasi ya shabaha hiyo ni alama iliyopotea. Kwa mnyama, ni tofauti ya kufa mara moja na kukimbia na jeraha msituni.

KWANZA LITAZAMWE JICHO

Kosa la wengi ni kuanza na tupa. Mpigaji akikosa mara tatu, huilaumu bunduki, huibana katika jiliwa na kuanza kuchonga. Utaratibu ulio bora ni kuanza na jicho, kwa kuwa ndilo lililobadilika. Chuma kiko vile vile kilivyokuwa miaka 20 iliyopita.

Liko jaribio dogo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya. Kipande cha karatasi ngumu kitobolewe tundu dogo la kiasi cha milimita 1 na nusu. Mtu afunike jicho moja, na kwa jicho la pili atazame maandishi yanayompa ukungu kupitia tundu hilo, mahali penye mwanga wa kutosha. Ikiwa maandishi yamekuwa wazi zaidi, basi yaelekea kasoro ni ya lenzi kushindwa kukusanya mwanga, na miwani yaweza kusaidia. Ikiwa ukungu umebaki vile vile, sababu yaweza kuwa nyingine, na mtu huyo asikawie kumwona mganga wa macho. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kumwambia mtu aharakishe.

Si kila ukungu wa utu uzima ni wa kukakamaa kwa lenzi. Mtoto wa jicho huleta ukungu ambao miwani haiuondoi, na taa za magari usiku huonekana zimetawanyika. Kisukari huweza kuharibu jicho kwa ndani kabla mgonjwa hajahisi lolote. Presha ya macho nayo hula pembe za uoni kimya kimya. Jicho likifunga ghafula, likiona miale au kama pazia linashuka, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, wala si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Akiwa kwa mganga wa macho, mpigaji aeleze kazi yake kwa vipimo. Asiseme tu kwamba haoni vizuri. Apime nyumbani, bunduki ikiwa tupu na imewekwa begani kama anayelenga, umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ncha, kisha aende na namba hiyo imeandikwa. Miwani ya kusomea haifai kwa kazi hii: ile yenye nguvu ya 2 huweka uoni kwenye sentimita 50, na shabaha hupotea kabisa. Kinachosaidia ni nguvu ndogo mno, mara nyingi nusu tu, ikiongezwa juu ya miwani yake ya mbali kama anayo. Nguvu hiyo huweka uoni kwenye mita 2, mahali ambapo ncha huwa karibu wazi na shabaha nayo haijapotea. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachopata ukali wote, lakini vyote viwili hutosha.

Miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, si kitu kipya. Benjamin Franklin wa Philadelphia, mji ulio katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, aliisifu miwani yake ya namna hiyo katika barua ya mwaka 1784. Hufaa sana mezani. Lakini mpigaji akiinamisha shavu juu ya kitako cha bunduki, hutazama kupitia pembe ya juu ya kioo, upande wa pua. Pembe hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa na nguvu sahihi, na kioo kiwe kipana kiasi cha kuifikia. Tena miwani ni ngao: bunduki ya gumegume hurusha cheche na moshi wa moto karibu na uso, na hakuna mpigaji mwenye busara anayeifyatua macho yakiwa wazi bila ya kinga.

PILI, MWANGA

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni haifunguki tena kama zamani na lenzi imeingia rangi ya manjano. Hii ndiyo sababu mzee huona vema saa sita mchana na kushindwa jioni. Mwanga mwingi hufanya mboni kuwa ndogo, na mboni ndogo hufanya kazi ile ile ya tundu la karatasi: hukaza kingo za vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja.

Mafundi wa zamani walilitumia jambo hili bila ya kulisoma vitabuni. Bunduki kadhaa za karne ya 19 zilikuwa na bamba la nyuma lenye tundu dogo badala ya pengo, likiwa karibu na jicho. Mpigaji hatazami tundu, hutazama kupitia tundu, na jicho lenyewe hutafuta katikati. Kwa macho ya mtu mzima hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote za chuma, kwa kuwa kitu kimoja kati ya vile vitatu kimeondolewa katika hesabu. Lakini tundu likizidi kuwa dogo huleta giza, na jioni msituni huwa halina faida. Tena yapo mashindano ya jadi yanayokubali pengo wazi tu. Mpigaji asome kanuni kabla ya kumlipa fundi.

Jambo la mwisho juu ya mwanga ni la adabu zaidi kuliko ufundi. Kulungu hutoka malishoni jua linapozama, saa ambayo jicho la mzee limekwisha funga kazi. Mwindaji mwaminifu hujiwekea saa yake ya kuacha, mapema kuliko ile ya vijana, naye huishika hata kama mnyama amesimama mbele yake.

TATU, CHUMA CHENYEWE

Baada ya jicho na mwanga, sasa tupa yaweza kushikwa. Kabla ya yote bunduki ihakikishwe kuwa haina baruti wala risasi, kwa kutumbukiza mdeki mpaka chini na kulinganisha na alama yake.

Jambo la kwanza ni ncha. Bunduki nyingi za jadi zina ncha nyembamba na fupi, nzuri kwa kutazamwa ukutani, lakini kwa jicho la miaka 55 hutoweka. Ncha yenye unene wa milimita 2 huonekana upesi. Hasara yake ni kwamba hufunika kiasi cha sentimita 8 za shabaha katika mita 50. Hivyo mpigaji hujifunza kuiweka chini ya duara jeusi, akiacha uzi mwembamba wa weupe kati yao, badala ya kuliziba duara.

Jambo la pili ni pengo. Ncha ikinenepa, pengo nalo lipanuliwe, mpaka mwanga uonekane waziwazi kulia na kushoto. Wengi huogopa kwamba pengo pana hupunguza usahihi. Sivyo. Jicho lina kipaji cha kulinganisha vipande viwili vya mwanga, na hutambua upesi kimoja kikizidi kingine. Lisichoweza ni kulinganisha vipande ambavyo halivioni.

Jambo la tatu ni mahali pa pengo. Likisogezwa mbele juu ya mtutu, kwa mfano kutoka sentimita 50 hadi 65, ukungu wake hupungua. Lakini pengo na ncha zimekaribiana, na kosa la milimita 1 lililokuwa sentimita 6 na nusu sasa ni sentimita 8 na zaidi. Yafaa basi kujaribu kwanza kwa kibandiko cha muda, kupiga risasi kadhaa, na kulinganisha karatasi, kabla ya kuukata mtutu.

Jambo la nne ni rangi. Ncha ya fedha au ya shaba ya manjano hung'aa vizuri katika kivuli cha miti, na ndiyo maana watu wa misituni waliipenda. Juani ina hila: upande uliopigwa na jua huonekana peke yake, mpigaji hudhani huo ndio ncha nzima, na risasi huenda upande wa pili. Kwa uwanja wa wazi, ncha na pengo vipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Wazee hutumia masizi ya mshumaa, nayo ni mazuri mno, ila mwali usisogezwe kamwe karibu na bunduki iliyoshindiliwa wala pembe ya baruti.

Ncha mpya huachwa ndefu kwa makusudi. Ncha ndefu hupeleka risasi chini, na kila inapopunguzwa risasi hupanda. Kwa bunduki ya kipimo kilichotajwa, kupandisha risasi sentimita 5 katika mita 50 huhitaji kuondoa robo tatu ya milimita tu. Piga tupa mara chache, kisha piga risasi. Chuma kilichokwisha ondolewa hakirudi.

KWA ASKARI NA JAMAA ZAKE

Mambo ya chuma yaliyoelezwa hapa ni ya bunduki za mchezo, zilizo mali ya wenyewe na zenye kibali cha sheria. Bunduki ya serikali haiguswi kwa tupa, wala kupakwa, wala kuhamishwa chuma chake. Kasoro yake hupelekwa kwa fundi wa silaha wa kikosi. Lakini mambo mawili ya kwanza, yaani jicho na mwanga, ni ya kila mtu mwenye sare.

Wako watu wazima wanaoficha kwamba hawaioni ncha. Huogopa kuchekwa na vijana, au kuondolewa katika kazi waliyoizoea, na siku ya shabaha hukisia. Siku ya shabaha makisio hulipwa kwa alama. Siku ya kazi, barabarani penye watu, makisio yaweza kulipwa na mpita njia asiye na hatia na na askari mwenyewe mbele ya sheria. Afisa anayeongoza watu wazima afanye upimaji wa macho kuwa jambo la kawaida kama kupima presha, ili asiwepo anayeona haya kuketi mbele ya ubao wa herufi.

Nyumbani nako kuna kazi. Mke huona kabla ya daktari kwamba mumewe anasogeza gazeti, anakunja uso mbele ya kalenda, au anajikwaa ngazini jioni. Na mume huona kwamba mkewe ameacha kushona usiku. Haya yasemwe kwa upole, na yasemwe mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwenye kuficha macho yake huumbuliwa na risasi. Aliyepita miaka 40 apimwe macho yote mawili, kila moja peke yake, na baada ya hapo arudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili kama mganga atakavyomwelekeza.